Tulivyomnyima Koko Salamu

Mama yangu hatupi kitu. Kabati lake la chumbani, pale Kwa Mrombo, lina kadi zetu za kliniki, vifungo vya mashati ambayo hayapo tena na funguo za makufuli yaliyokwisha kupotea. Juzi aliniita nimsaidie kulisogeza ili apake ukuta rangi, akanipa kopo la siagi lililofungwa kwa mpira. "Hili katupe wewe," akasema, "mimi limenishinda." Nikafungua. Mchele mtupu, umegeuka njano na kufanya wadudu, na katikati ya mchele lilikuwemo sikio la mdogo wangu.

Usishtuke. Sikio ndivyo tulivyoiita ile mashine nyumbani. Nasieku alizaliwa hasikii, na alipofika miaka minne baba na mama walimpeleka India, akapasuliwa nyuma ya sikio na kuwekewa kidude ndani ya kichwa. Kingine kilikaa nje: kipande kinachoning'inia sikioni, na waya mfupi unaokwenda kwenye kisahani cha duara, ukubwa wa sarafu, kinachojishika kichwani kwa sumaku. Kisahani kikikaa mahali pake, anasikia. Kikibanduka, basi, hasikii hata ukipiga debe. Wakati wa kulala tulikizika kwenye mchele kisipate unyevu. Nani alitufundisha mchele sikumbuki, nadhani ni akili za mama mwenyewe.

Nikasimama pale na kopo mkononi, mtu mzima mwenye kazi yangu, nikalia mpaka mama akaweka brashi chini. Alidhani nalilia mashine. Mashine nayo ni ya kuliliwa, sikatai. Lakini mimi nilikuwa namlilia Koko, na mama sikumwambia.

Koko ni bibi, kwa lugha ya upande wa baba. Baba ni Mwarusha, kwao ni juu ya Ngaramtoni, na huko nyumbani wanaongea Kimaa. Mama ni Mchaga wa Machame. Wao wenyewe walikutana kwa Kiswahili, lakini mama akishika simu na dada zake kilikuwa Kichaga kitupu, na baba, ambaye ni dereva wa watalii, akirudi porini alikaa siku mbili tatu bado anatuomba chumvi kwa Kiingereza. Mimi nilikulia humo humo. Kwa Koko naongea hivi, kwa mama mdogo hivi, shuleni hivi. Hakuna aliyenifundisha wala kuniuliza, na sikujua kwamba kuna watu wanaita jambo hilo ni mzigo.

Kule kliniki Nasieku alikokuwa anapelekwa baada ya operesheni kulikuwa na mwalimu wa kuongea, mama mmoja mpole sana. Yeye ndiye aliyesema. "Chagueni lugha moja," aliwaambia wazazi wangu, na mimi nipo, nimekaa kwenye kiti naning'iniza miguu. "Kichwa chake ndiyo kwanza kinajifunza kusikia. Mkimchanganyia lugha, hatapata hata moja. Na ishara za mikono acheni, atakuwa mvivu wa kusikiliza." Tulipofika nyumbani baba akatusimamisha uani, akasema kuanzia leo ndani ya geti hili ni Kiswahili tu, na atakayesema kingine atanitambua.

Basi mama akahamia kwenye banda la kuku. Simu ikilia na ni dada yake, anatoka mbio, anajifungia na kuku, anapiga Kichaga chake huko mpaka aridhike, halafu anarudi ndani na manyoya kichwani. Tulicheka sana. Haki ya Mungu, mwanzoni ilikuwa kama mchezo.

Mimi nililielewa jambo lile kwa namna yangu. Simu ya baba ilikuwa na kadi ndogo ya kuhifadhia picha, na kila akimaliza safari mbili ilikuwa inaandika kwamba imejaa, anakaa sebuleni anafuta tembo mmoja mmoja. Nikaamua kwamba kile kidude walichomwekea Nasieku ni kadi kama ile. Kina nafasi zake, zimehesabiwa. Neno moja la Kimaa likiingia, neno moja la Kiswahili limekosa pa kukaa, na mdogo wangu anakuwa bubu maisha yake yote kwa ajili ya neno la ng'ombe. Nilikuwa na miaka tisa. Nikajipa uaskari. Nilimkemea mama mdogo, nilimkemea mchungaji alipomwombea Nasieku kwa Kimeru, na watu wazima walikuwa wanasema jamani huyu mtoto ana akili.

Koko alikuwa anakuja kila siku ya gulio. Akishauza maziwa yake Ngaramtoni anatubakizia dumu dogo, anaingia getini na shuka lake la bluu, ananuka moshi na ugoro, anaita majina yetu tangu barabarani. Na kwetu mtoto hampi mzee mkono. Unakwenda mbele yake, unainamisha kichwa, na yeye anakuwekea kiganja utosini. Hapo ndipo umesalimiwa. Koko alikuwa hagusi kwa ncha za vidole kama wengine, anakandamiza kidogo, kama mtu anayeshindilia unga kwenye debe, halafu ndiyo anasema "Takwenya", nawe unaitika "Iko". Mzee akikupita bila kukushika kichwa, ujue una kosa, tena kubwa, na wote waliopo wamekwisha kujua.

Kabla ya India, salamu ile ndiyo kitu pekee ambacho Nasieku alikielewa bila mtu kumvuta nguo na kumwonyesha. Maneno alikuwa hayajui, lakini mkono aliujua. Alikuwa anamwona Koko getini, anakimbia ameinamisha kichwa kabisa, hatazami anakokwenda, mpaka anamgonga tumboni. Koko anasema uuwii, ng'ombe huyu ataniua, na anamshika.

Baba alipomweleza habari ya Kiswahili, Koko alisema sawa, ni mtoto wenu. Tatizo ni kwamba Kiswahili chake chote kilikuwa cha kuuzia maziwa. Basi akamletea Nasieku hicho hicho alichonacho. Anakaa kwenye kigoda, anamweka mbele yake, anamwambia kwa sauti ya gulioni, "Masiwa masuri! Haina maji!" Ndiyo mazungumzo yao hayo. Na siku moja, sisi wote tupo, Nasieku akafungua kinywa akasema polepole, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, "Hai-na ma-ji." Mama akapiga kigelegele. Koko alisimama akarukaruka pale uani kama msichana, mzee yule, na mafundo ya miguu yake.

Furaha hiyo ilidumu mpaka siku ya kliniki. Mwalimu alimwonyesha picha ya mpira, hii nini? "Haina maji." Picha ya paka. "Haina maji." Akamuuliza mama, huyu nyumbani anaongea na nani? Mama aliona aibu mpaka akatazama sakafu. Mwalimu akasema kwa upole wake ule ule kwamba huyo bibi asimwongeleshe kwanza, si Kimaa wala hicho Kiswahili chake, mpaka mtoto ashike lugha sawasawa.

Baba alikuwa porini na watalii. Mama angemwambiaje mama mkwe wake maneno kama hayo? Akanituma mimi, eti kwa sababu mimi Kimaa ninakijua. Na mimi nikaufikisha ujumbe bila kuupunguza. Nikaongeza na wangu: kwamba Nasieku anasoma midomo, kwa hiyo hata akinong'ona itaingia tu. Koko alicheka.

"Hata mdomo?" akaniuliza.

"Hata mdomo."

Alivuta ncha ya shuka, akajifunika kuanzia puani. Macho yake yalikuwa bado yanacheka, kwa hiyo nikaona nimefanya kazi nzuri.

Kwa miezi kadhaa kukawa na kile kiganja tu. Anaingia, amejifunika mdomo, Nasieku anakimbia, anamgonga tumboni, anashikwa kichwa. Basi. Halafu wanakaa pamoja kwenye kigoda kimoja bila neno. Na hapa niseme ukweli, maana nimekaa nao miaka mingi na haujanipunguzia chochote: nilikuwa naona wivu. Mkubwa ndiye anayesalimiwa kwanza, ndivyo ilivyo, na mkubwa ni mimi. Tangu ile operesheni Koko alikuwa anamshika Nasieku kwanza, na anamkawiza. Mimi nasubiri zamu yangu nimeinama nyuma yake kama mjinga.

Siku moja Koko alipomshika, kisahani kikabanduka. Kiganja chake kilikuwa kikubwa na kigumu, kilikisukuma tu, kikaanguka kikaning'inia kwenye waya. Nilikiona. Nilimwona na Nasieku pia. Hakulia, hakukitafuta. Alifumba macho akazidi kuegemeza kichwa, na Koko akazidi kukishikilia, na wote wawili walikuwa wametulia kabisa. Nikajua sasa kwamba mkono ule unazima. Sikuwaza sumaku. Niliwaza kwamba Koko hakuipenda mashine, kwamba anamtaka Nasieku wake wa zamani asiyesikia, na anamrudisha huko kidogo kidogo kwa mkono.

Baba aliporudi nilimngoja avue viatu. Nikamwambia, "Baba, Koko anamzimia Nasieku sikio."

"Anamzimiaje?"

"Akimsalimia. Anakitoa. Anafanya makusudi."

"Umeona wewe mwenyewe?"

"Nimeona."

"Mara moja?"

"Kila siku," nikasema.

Ilikuwa mara moja. Na lile neno makusudi, hakuna aliyeniwekea mdomoni. Nilijitungia mwenyewe pale pale, soksi za baba zikiwa mkononi mwangu.

Gulio lililofuata baba hakwenda kazini. Alimpikia Koko chai yeye mwenyewe, na mimi nikajua kuna jambo, kwa sababu baba haingii jikoni. Walikaa kwenye ngazi ya mbele. Akamwambia kwa Kimaa, taratibu, huku anazungusha funguo za gari kidoleni, "Yeyo, mama yangu, naomba usimshike tena mtoto kichwani. Kile kitu kikiharibika hatutaweza kingine. Tumemaliza kila tulichonacho."

Koko aliitazama chai mpaka ikafanya utando.

"Nimsalimie na nini?" akauliza.

Baba akaziangalia funguo.

"Mpaka lini?"

"Mpaka asikie vizuri."

"Hiyo ni lini, mwanangu?"

Baba akasema chai inapoa. Mimi nilikuwa dirishani, nimesikia yote, na moyoni nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilijiona nimemwokoa mdogo wangu.

Wiki iliyofuata Nasieku alikimbia getini kama kawaida, kichwa chini, akamgonga Koko tumboni. Koko alikuwa amejifunika mdomo, na mikono ameiingiza ndani ya shuka, ameikunja kwapani. Nasieku akangoja. Akasukuma tena kichwa, akidhani pengine hakuonekana. Koko akageuka akatazama ukuta. Basi yule mtoto akanyoosha mkono, akakibandua kisahani mwenyewe, akakifumbata kiganjani vizuri kisianguke, akainama upya. Alikuwa ameelewa kwamba tatizo ni kile. Mtoto wa miaka mitano, na hakuna aliyemwambia, alielewa.

Na mimi nikapiga kelele kutoka mlangoni, "Koko, usimshike!"

Hakumshika. Mabega yalikuwa yanamtetemeka ndani ya shuka, lakini mikono hakuitoa. Mama alikuja akamrudishia Nasieku kisahani, akampa kipande cha muwa. Gulio la pili akafanya vile vile. La tatu vile vile. La nne Koko alipoingia, Nasieku alikuwa anacheza na vifuniko vya soda chini ya mfereji. Aliinua macho, akamwona, akaendelea na vifuniko vyake.

Koko akaanza kuyatuma maziwa kwa mama mmoja jirani yake. Mara anaumwa miguu, mara barabara ina tope. Alikufa kwenye mvua za masika mwaka uliofuata, baba yuko porini na simu haishiki. Tulipomzika kule juu, watu wa ukoo walilia na kuomba kwa Kimaa, na Nasieku, sikio lake likiwa kichwani, betri mpya, alinivuta gauni akaniuliza, "Wanasema nini?" Nikamwambia nyamaza. Kiswahili chake kilikuwa kizuri siku hizo. Angeelewa kama ningemweleza.

Yaliyobaki ni mafupi na hayana faida. Mashine ilianza kukatakata Nasieku akiwa darasa la nne. Leo anasikia, kesho nusu, keshokutwa hakuna. Kliniki wakasema aina ile haitengenezwi tena, vipuri hakuna, inabidi kununua nyingine nzima. Baba aliuza shamba dogo tulilokuwa nalo Nduruma, haikufika hata nusu, na ile pesa ikaishia kwenye kuzunguka. Yule mwalimu mpole alikuwa ameshahama. Alikuwepo kijana mmoja mpya, mchangamfu, akawa anajaza fomu huku anapiga soga, akauliza nyumbani mnaongea lugha gani. Mama akajibu kwa kujivuna kidogo kwamba ni Kiswahili tu, tulikatazwa nyingine. Yule kijana akaacha kuandika. "Nani aliwakataza? Watoto hawa wanashika lugha mbili, tatu, kama wengine tu. Kitu anachohitaji mtoto ni kuongeleshwa, na kila anayempenda." Hakukusudia ubaya, alikuwa anaongea tu. Baba alitoka akaenda kukaa kwenye gari. Tangu siku ile hajawahi kuligusa jambo hilo, na Kimaa hakukirudisha nyumbani. Hata angekirudisha, mimi kilikwisha kunitoka. Kwenye harusi za ukoo nacheka wenzangu wakicheka.

Nasieku akaenda shule ya bweni ya viziwi, akajifunza lugha ya alama akiwa amechelewa, na ameishika vizuri sana. Anacheka na wenzake kwa mikono mpaka machozi. Akija likizo anakaa na sisi ambao mikono yetu haisemi kitu. Sauti yake ya Kiswahili imefifia, hapendi kuitumia, anasema watu wanageuka kumtazama. Tunaandikiana kwenye simu, tumekaa kochi moja.

Jana, baada ya ibada, tulikuwa tumekaa hivyo. Mama alikuwa amemwambia kwamba nililia. Akaniandikia: Ulikuwa unalilia nini?

Nikaandika: Koko.

Akakunja uso. Ni mrembo, mdogo wangu, na uso wake hauwezi kuficha kitu. Akaandika: Yule bibi aliyekuwa ananichukia?

Nikamuuliza nani alimwambia hivyo. Akaandika: Hakuna. Nilikuwa nakumbuka tu. Alikuwa anaziba pua akiniona.

Basi nikamwandikia. Nusu saa nzima, naandika na kutuma, naandika na kutuma, kabla sijapata nafasi ya kuogopa. Habari ya lugha moja. Kwamba ile haikuwa pua, ulikuwa mdomo, na mimi ndiye niliyemwambia aufunike. Kwamba alikatazwa kumshika, na aliyefanya akatazwe ni mimi, kwa uongo, kwa wivu. Kwamba aliuliza nimsalimie na nini. Nikamwambia nisamehe. Alikuwa anasoma kila ujumbe unapoingia, kichwa ameinamia simu, na mimi namtazama utosi wake, na pale nyuma ya sikio nywele zilipokataa kuota vizuri juu ya kile kidude ambacho bado kimo ndani.

Alipomaliza alirudi juu akasoma tena tangu mwanzo. Halafu akanitazama kwa huruma. Si hasira, ningeipokea hasira. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyetunga hadithi ili kumfurahisha mgonjwa.

Akaandika: Dada, asante, lakini usimtetee. Nilikuwa sisikii vizuri, macho nilikuwa nayo. Nilimpa kichwa mara tatu akaficha mikono.

Akafunga simu, akaenda jikoni kumsaidia mama kumenya ndizi.